Harusi ya siku mbili Ujiji: mwanga, lenzi, na picha za nyumbani zisizo za kupanga

mdau_ujiji

Habari wakuu. Mwezi wa saba kuna harusi ya Kiislamu hapa Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa usiku ni hina nyumbani kwa bibi harusi. Jumamosi mapishi yanaanza alfajiri uani, ndoa inafungwa msikitini baada ya Alasiri, bwana harusi anakwenda kumpa mkono mkewe nyumbani, kisha ufukweni, na usiku ni ukumbini, eneo la Mwanga. Familia imesema wazi kwamba picha za kusimama mstari na za keki zipo kwenye kila albamu. Wao wanataka pia zile za bibi anakunja khanga, watoto wanagombea ukoko, mjomba anadai kilemba chake.

Vifaa ni hivi: kamera ya megapikseli 24 yenye sensa ndogo (APS-C), ya pili ya aina hiyohiyo ya kuazima, lenzi mbili za 18–55, moja ya 50mm f/1.8, flashi moja, stendi na triga ya kuiwasha kwa mbali. Nyumba ina madirisha madogo, kuta za ndani ni za kijani, haina dari, ukitazama juu ni bati. Uani litafungwa turubai la bluu.

Naomba msaada kwenye haya: ufukweni tufike saa ngapi? Ndani nitumie flashi au niiache? Zile taa za zambarau za ukumbini dawa yake nini? Na la mwisho ndilo zito kuliko yote: nipigeje mambo ya kawaida ya nyumbani wakati kila mtu akiona kamera anaacha alichokuwa anafanya na kusimama wima? Albamu za mji huu zimeanza kufanana zote, na hawa wamenipa nafasi ya kufanya kitu tofauti.

---

FundiMwanga

Anza na jua, mkuu, maana ratiba nyingi zinazozunguka zimepangwa na watu wa Dar na saa zake hazitufai. Tanzania nzima inatumia saa ya longitudo 45 mashariki, Kigoma iko karibu 29.6. Kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo jua linafika juu kabisa kwetu karibu saa 7:00 mchana badala ya saa 6:00, na linazama kama dakika 40 baada ya Dar. Kwa mwaka mzima machweo ya hapa yanachezea kati ya saa 12:50 na saa 1:25 jioni. Julai ni saa 1:00 na dakika chache. Ukiambiwa "tukutane ufukweni saa kumi na moja", unapelekwa kwenye jua kali lenye vivuli vyeusi chini ya macho.

Mwanga mzuri ni ule wa dakika 40 za mwisho. Huku karibu na ikweta jua linashuka wima, halikai likining'inia kama kwenye picha za Ulaya, kwa hiyo usihesabu saa nzima. Halafu kuna jambo ambalo maelekezo ya wageni hayaligusi kabisa: adhana ya Magharibi inapigwa jua likizama. Dakika ile anga linapoiva, watu wako wanatakiwa waelekee msikitini. Usiwaweke kwenye mtihani huo. Fika saa 12:05, maliza saa 12:45, waache waende wametulia. Anga la bluu la baada ya machweo, ambalo hudumu kama dakika 20, lifute kwenye mpango wako.

Sasa rudi nyuma kuanzia hapo. Julai Alasiri inaingia karibu saa 10:30. Swala, hotuba ya ndoa na ndoa yenyewe zikienda vizuri mnamaliza saa 11:20. Mkono nyumbani hadi 11:50. Mnaingia garini. Ratiba inatosha ila haina hata dakika 10 za akiba, kwa hiyo chagua ufuo wa Ujiji hukohuko. Wakivutwa kwenda upande wa Katonga, mwanga utaishia barabarani. Na umwambie msemaji wa familia tangu sasa kwamba shehe akichelewa hadi saa 11:15 kuanza, picha za ziwani zinahamia Jumapili asubuhi. Hilo si hasara. Asubuhi jua liko mgongoni mwako ukitazama ziwa, maji yanaonekana yalivyo, bluu na safi, na nyuso zinapata mwanga wa mbele. Jioni ni kinyume chake: jua liko mbele yako, ziwa linang'aa, nyuso ziko gizani.

Jioni hiyo utafanya hivi. Kamera kwenye manuali, ISO 100 (unyeti wa sensa), f/5.6 (uwazi wa lenzi), shata 1/160 ya sekunde. Piga anga peke yake kwanza, ongeza au punguza mpaka rangi ionekane bila kuungua. Hapo watu watakuwa vivuli vitupu. Ndipo uwashe flashi kwenye stendi, mita 1.5 hadi 2 kutoka kwao, juu kidogo ya vichwa, pembeni digrii 45, uanze na nusu ya nguvu. Usipandishe shata kupita 1/200. Kamera nyingi za daraja hilo zikipita kasi hiyo na flashi ya kawaida, pazia la shata linaziba sehemu ya sensa na unapata mstari mweusi upande mmoja wa picha. Anga likiwa bado linaungua, punguza uwazi uende f/8 na upandishe nguvu ya flashi, shata iache hapohapo. Ufukweni kuna upepo, kwa hiyo ning'iniza mfuko wa mchanga kwenye stendi au umpe mtu aishike.

Julai pia kuna moshi wa nyasi na vumbi la kiangazi. Milima ya Kongo ng'ambo haitaonekana, na jua litageuka duara jekundu lisilo na nguvu kabla halijagusa maji. Ukiona hali hiyo tangu Alhamisi, wahisha picha za ufukweni kwa hadi dakika 15, kadiri ratiba inavyoruhusu.

---

BintiManyema

Ahsante FundiMwanga kwa hilo la Magharibi, wengi wanalivunja na familia zinakaa kimya kwa adabu tu.

Mdau, ngoja nijibu swali lako zito. Ila kwanza ruhusa, kwa sababu bila hiyo hakuna picha ya kawaida itakayopatikana. Usiku wa hina ni wa wanawake. Kama wewe ni mwanaume, kamera iingie na dada mmoja anayejua kubonyeza na kusubiri. Mwekee kila kitu mapema: ISO ya kujiendesha isiyozidi 3200, shata isishuke chini ya 1/125, f/2.8 kwa ile 50. Kaa na mama wa bibi harusi na somo wake muandike nani hapigwi bila ushungi, nani hapigwi kabisa, na picha zipi haziondoki nyumbani. Ruhusa ya kupiga na ruhusa ya kutuma mtandaoni ziandikwe mbalimbali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa picha za watu, na hata isingekuwepo, mwanamke aliyeonekana mtandaoni na nywele wazi bila ridhaa yake amedhulumiwa.

Sasa kusimama wima. Mtu akisimama wima mbele ya kamera anajiheshimu, anaiheshimu na picha. Usimwambie "endelea tu, usinitazame", utamfanya awe mwigizaji. Mpige vile alivyosimama, vizuri, kwa uangalifu uleule wa picha ya ukumbini. Mwonyeshe. Mshukuru. Usiondoke, kaa chini. Baada ya dakika chache atarudi kwenye mchele wake, na deni la picha limeshalipwa kati yenu. Picha unayoitaka inaanza hapo.

Mengine ni ya mikono na miguu yako mwenyewe. Fika saa nzima kabla, kamera ikiwa shingoni haijainuliwa. Anza na vitu: sinia la hina, viatu vilivyojaa mlangoni, kanzu zinazosubiri pasi. Zima mlio wa fokasi na ile taa ndogo nyekundu au nyeupe inayomulika gizani, hiyo taa ndiyo inayowageuza watoto wote kwa pamoja. Kaa kwenye mkeka kama waliokaa. Ukipiga watu walioketi chini huku umesimama, unapata vilele vya mitandio na mabega. Usitazame skrini baada ya kila picha, maana kila unapoinamisha kichwa watu wanakumbuka kwamba kuna kazi inafanyika. Na usiondoe kidole kwenye kitufe jambo likiisha. Mtu akisema neno la kuchekesha, anayelisema hana picha kubwa. Picha iko kwa wanaolisikia, sekunde moja baadaye.

Watu wenye kazi mikononi hawapozi. Kuchambua mchele, kukuna nazi, kusuka, kupiga pasi, kupuliza moto, kumvisha mtoto viatu vinavyombana. Panga siku yako kufuata kazi hizo, si kufuata ratiba ya MC. Kuna mambo yenye saa yake pia: mjomba na kilemba chake, mama na mkaja wake. Uliza mapema vitatolewa lini na chumba gani, maana vinapita ndani ya dakika mbili na kwa kelele nyingi.

Mapishi ya alfajiri ndiyo mgodi wako, Mdau, tafadhali usilale. Julai jua linachomoza hapa karibu saa 1:10 asubuhi, na wapishi wameshawasha moto saa 11. Gizani tumia ile 50 kwa f/1.8, ISO 3200, shata 1/100, mwanga uwe wa moto wenyewe. Pima kwenye uso wa mpishi, acha ndimi za moto ziungue. Usiwashe flashi kabisa hapo, itaufanya moshi uwe ukuta mweupe. Kuanzia saa 1:30 hadi 2:30 jua linapenya uani likiwa chini, na hapo uhame: simama moshi na mvuke viwe kati yako na jua, ukikinga lenzi kwa kiganja. Mvuke wa pilau uliopigwa jua likiwa mgongoni mwake unaonekana kama nuru, uleule ukipigwa jua likiwa nyuma yako hauonekani. Kaa zaidi ya mita 2 kutoka kwenye sufuria. Mafuta yanaruka, na mvuke ukitua kwenye kioo baridi unapata picha laini zisizo na ncha (zisizo kali) mpaka umalize shughuli bila kujua kwa nini. Weka filta ya kioo mbele na kitambaa safi mfukoni.

Ndani ya nyumba: flashi iache. Kuirusha kwenye ukuta wa kijani kunarudisha mwanga wa kijani usoni, na hiyo rangi ikiingia kwenye ngozi na shela kwa viwango tofauti haitoki vizuri kwenye kuediti. Kuirusha kwenye bati kunaleta michirizi na rangi ya kutu. Tumia dirisha. Bibi harusi akae mita moja kutoka dirishani, mwili umegeuka digrii 45, balbu ya chumbani izimwe ili rangi mbili za mwanga zisigongane. Pazia la rangi lifungwe pembeni, ning'iniza shuka jeupe jembamba. Upande wa pili, mtu ashike shuka jingine jeupe karibu na uso kurudisha mwanga. Kanzu nyeupe ya kaka yake inafanya kazi hiyohiyo akisimama hatua moja pembeni.

Pima mwanga kwenye shavu. Kamera ikiona shela jeupe limejaa kwenye fremu inadhani kuna mwanga mwingi, inaifanya picha kuwa nyeusi, na uso unapotea. Ukiiachia ipime fremu nzima, ongeza theluthi mbili hadi stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili). Suti nyeusi zikijaa, punguza kiasi hicho. Piga RAW (faili ghafi) na utazame histogramu (grafu ya mwanga wa picha), usiamini skrini juani.

---

mdau_ujiji

Ahsanteni sana. Turubai la bluu je? Wazee wote watakaa humo. Na usiku wa hina dirisha halitakuwa na mwanga, hapo pia hakuna flashi?

---

BintiManyema

Turubai la bluu linawapa wazee rangi ya majivu. Dawa ya kwanza ni kuomba jeupe kabla kamati haijalipia, mara nyingi bei ni ileile. Likibaki la bluu, viti vya wazee vipangwe ukingoni, ndani ya mita moja hivi kutoka upande ulio wazi, wakitazama nje. Mwanga wa nje unaushinda ule unaochujwa na kitambaa. Anayekaa katikati mpige kwa kadi ya kijivu: iweke usoni pake, piga moja, tumia hiyo kuweka mizani ya weupe kwa zote za eneo lile. Chini ya mwembe tatizo ni madoa ya jua kwenye paji la uso. Wasimamishe penye ukingo wa kivuli, shina nyuma yao, wakitazama eneo la wazi. Mchanga wa Ujiji unarudisha mwanga wa joto kutoka chini, unafuta vivuli vya machoni bila gharama.

Usiku wa hina badilisha balbu. Toa ile moja ya wati 9, weka mbili za LED nyeupe za wati 20 za aina moja, pande mbili za chumba, bila kuchanganya nyeupe na ya njano. Zitaachwa hapo, familia inabaki nazo. Kwa chumba cha mita tatu kwa tatu, ile 50 kwenye sensa ndogo inabana mno, maana inaona kama 75. Tumia 18–55 kwenye 24 hadi 35, na ile 50 ishike mikono na nyuso tu. Kumbuka 50 kwa f/1.8 kutoka mita 2 inashika ncha kwa kina cha sentimita 11 hivi. Mkono wenye hina ukiwa mbele ya uso, kimoja kati ya viwili kitakuwa ukungu, amua mapema ni kipi.

---

FundiMwanga

Hapo nitatofautiana kidogo. Umeme ukikatika katikati ya hina, balbu mbili hazimsaidii mtu. Flashi iwepo chumbani tayari, kichwa chake kimegeuzwa nyuma kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, nguvu 1/16, ISO 1600, f/4. Shuka la mita 2 kwa 2 linafunika kijani chote kinachohusika na mwanga unatoka mpana kama wa dirisha.

---

BintiManyema

Kwa umeme kukatika nakubali, na shuka ni wazo zuri. Kama umeme upo, bado nasema balbu. Mwanga usiowaka na kuzimika unasahaulika, flashi inawakumbusha watu kila mara kwamba wanapigwa.

---

GunguDigito

Naongezea ukumbi kwa kifupi. Zambarau ni nyekundu na bluu zikiwaka pamoja, kijani hakipo. Sensa inajaza bluu mpaka inaungua, kijani kinabaki chembechembe tupu kama mchanga. Hakuna programu inayorudisha rangi ya ngozi ambayo haikuandikwa. Kwa hiyo kazi inafanyika kabla: mtu wa mapambo awekewe sharti kwenye makubaliano kwamba meza kuu inapata taa mbili nyeupe za joto, kutoka mbele, pembeni digrii 45, na zambarau ibaki kwenye kuta na vitambaa vya nyuma. Ikishindikana, flashi yako kwenye stendi ya mita 2.5 upande mmoja wa meza, ISO 1600, f/4, nguvu 1/8, na zambarau inageuka kuwa rangi ya nyuma tu.

Shata ukumbini iwe 1/100 au 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi za bei ndogo zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na ukitumia 1/320 au shata ya kimya ya kielektroniki unapata mistari ya giza kwenye picha. Wanaocheza watagandishwa na flashi yenyewe, usiogope 1/100.

Betri za flashi ziwe NiMH za kuchaji, seti tatu za nne nne, zenye alama ili usichanganye iliyokwisha na iliyojaa. Ukichanganya, dhaifu moja inaivuta seti nzima na flashi inachelewa kujaa wakati keki inakatwa. Ongea pia na wa video: taa yake ikiwa nyuma ya bibi harusi kwake ni nzuri, kwako ni doa jeupe kila fremu. Mkubaliane anasimama upande gani kabla MC hajashika kipaza sauti.

---

LenziMoja

Nizungumzie msikitini, albamu na ubunifu, maana naona vimeachwa.

Msikitini omba ruhusa kwa imamu siku mbili kabla, si mlangoni. Bila viatu, bila flashi, usipite mbele ya wanaoswali. Ndoa inapofungwa keti chini mita 2 kutoka kwa walii na bwana harusi, upande ambao mikono yao iliyoshikana haizibwi na shehe. Weka fokasi kwenye mikono hiyo mapema na usiiguse tena. Kukubali kwa bwana harusi ni sekunde chache, na kamera inayotafuta fokasi wakati huo imeshachelewa. Piga kujibu kwake, geuka umpige baba, piga dua, toka. Bodaboda iwe inasubiri nje, kwa sababu lazima ufike nyumbani kabla ya msafara. Hata hivyo usitegemee boda peke yake: kamera ya pili iwe tayari chumbani kwa bibi harusi na yule dada, 18–55 kwenye 24, imesimama pembeni mwa mlango anaoingilia bwana harusi. Asimame ndani akitazama mlango kwa ubavu, ili aone uso wa anayeingia na wa anayesubiri kwa pamoja. Chumba hicho hujaa wanawake na vigelegele, akichelewa hapenyi.

Saa za kamera mbili ziwe sawa hadi sekunde. Fungua saa ya simu, ipige kwa kamera zote mbili, utazirekebisha kwenye kompyuta kwa tofauti hiyo. Bila hivyo, kwenye mpangilio bwana harusi anaingia chumbani kabla hajakubali ndoa.

RAW moja ya megapikseli 24 ni kama MB 25 hadi 30. Picha 2,000 za siku mbili ni GB 50 hadi 60. Tumia kadi kadhaa za GB 32 au 64 badala ya moja kubwa, badilisha kwenye vituo vinavyojulikana: baada ya mapishi, baada ya mkono, kabla ya ukumbi. Usifute picha ndani ya kamera, na usichomoe kadi taa ya kuandika ikiwa inawaka. Usilale kabla ya nakala mbili kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine. Kadi zisifomatiwe mpaka umefungua nakala zote mbili na kuona picha zinafunguka.

Ubunifu. Kabla ya kutafuta mifano ya Marekani, watazameni wa kwetu Afrika. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, akapiga watu uani kwa mwanga wa jua, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitandani mwake. Karatasi na filamu zilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa kila mteja, ndiyo maana mikono, mabega na mikunjo ya nguo imekaa kwa mpango kwenye kila picha. Malick Sidibé, wa Bamako hukohuko, alifuata vijana kwenye dansi zao miaka ya 1960 na flashi mkononi. Wote wawili walifanya kazi na nguo na nyuso za watu wa kawaida. Ujiji haina upungufu wa hivyo vitu.

Kwa harusi hii ningefanya kona ya khanga. Chagua khanga za familia yenyewe, funga kamba kwenye kivuli cha wazi kusini mwa nyumba, ambako Julai jua la moja kwa moja halifiki kwa urahisi, maana linapita upande wa kaskazini. Tundika doti mbili hadi zikaribie ardhi, tandika mkeka mbele. Watu wakae nusu mita kutoka kwenye kitambaa kama unataka maua yasomeke, mita moja na nusu kama unataka yawe ukungu. Kikundi cha safu tatu: 35mm, mita 5, f/5.6, hapo una zaidi ya mita 3 za ncha kali. Soma jina la khanga kabla ya kuitundika. Mama mkwe akipigwa mbele ya jina la mafumbo, maneno yatasemwa mtaani na wewe ndiye uliyetundika. Kona hiyo ikae wazi tangu asubuhi hadi Alasiri, kila familia inayoingia ipite hapo kabla ya kula, na mzee apewe kiti. Picha za kupanga zinaishia pale, uani panabaki huru kwa zile za BintiManyema.

Na uwe na uzi mmoja wa kuifuata siku zote mbili. Kwa ndoa hii ningechukua mikono: inayochambua mchele, inayopakwa hina, ya walii na bwana harusi, inayotua kichwani mwa bibi harusi, inayochota kwenye sinia. Picha kama kumi za hivyo zikitawanywa kwenye albamu zinaiunganisha kuliko fremu zozote za maua za kwenye programu.

Kuchapa: skrini yenye mwanga mkali inakudanganya, picha zikitoka zinakuwa nyeusi. Ishushe mpaka karatasi nyeupe pembeni yake ilingane nayo, kisha chapa tatu za majaribio, moja ya shela, moja ya suti nyeusi, moja ya uso wa bibi dirishani. Kitelezo cha kung'arisha ngozi usikiguse. Albamu ya sentimita 30 kwa 30 ikifunguliwa inakuwa 60 kwa 30, na faili lako la pikseli 6000 linajaza hiyo kwa nukta 254 kwa inchi, inatosha. Uso ukae sentimita 3 mbali na mkunjo, na acha milimita 3 za kukatwa kila upande. Familia ikitaka kwa WhatsApp, tuma kama hati, ukituma kama picha zinabanwa na mtu atazipeleka kuchapa hivyohivyo.

---

GunguDigito

Kabla hawajaleta wazo la droni: inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na uwanja wa ndege wa Kigoma hauko mbali na Ujiji. Stesheni ya reli nayo watu wanaipenda kwa majengo yake ya Kijerumani, reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini hiyo na bandari ni maeneo ya kuomba ruhusa ofisini kwanza. Kwa ratiba yenu ya Jumamosi hamna dakika za kwenda huko.

---

mdau_ujiji

Nimeongea na kamati leo. Turubai jeupe lipo kwa bei ileile, limebadilishwa. Imamu tunamwona Alhamisi, na binamu wa bibi harusi ndiye atakayeshika kamera ya chumbani, kesho anaanza kujifunza ile ya kukaa chini na kusubiri. Ufukweni tumeweka saa 12:05, na Jumapili asubuhi saa 2 kama akiba. LenziMoja, jina la khanga nitamsomea mama mkwe mwenyewe kabla sijafunga kamba.